Jini wa Bibi na Fomu ya Hakimiliki

Nilimkuta jini wa bibi yangu ananing'inia kwenye msumari, nje ya duka moja la Mlandege, katikati ya vinyago vya twiga na mikoba ya ukili. Alikuwa kachorwa kwa rangi kwenye kibao cha mbao: nusu ya mwili imo ndani ya mtungi, nusu iko nje, mkono wa kushoto kashika kandili, wa kulia umefungwa kitambaa shingoni, na macho kayatumbua kwa hofu. Chini yake, kwa herufi nyekundu, pameandikwa: "Msiniogope, miye ndiye ninayeogopa." Mpaka siku ile nilikuwa naamini kwamba duniani tuko watu wawili tu tunaoyajua maneno hayo, mimi na bibi. Nilisimama pale juani na kilo mbili za vitunguu mkononi, nikahisi nimeibiwa.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na jambo moja wanalolijua wanafunzi wangu, walimu wenzangu na muuza samaki wa Darajani ni kwamba hasira zangu hufika kabla yangu. Niliingia dukani bila hodi. Mwenye duka, Mhindi wa hapa hapa Unguja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekaa nyuma ya meza anapuliza chai kwenye gilasi.

"Huyu umempata wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama mimi, akavitazama vitunguu. "Shikamoo huna, dada?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo nliyempata?"

"Huyo jini. Hapo nje."

"Aaa, huyo." Akatabasamu vizuri sana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Huyo wa bibi yangu. Alinihadithia nikiwa mdogo hivi."

"Bibi yako wapi! Huyu wa bibi yangu mie!"

"Dada, hapa Unguja bibi gani asiyekuwa na jini?"

Nikamwambia ntampeleka panapohusika. Akaniambia mchoraji ni Mtumbatu mmoja, huja kila Alhamisi na mzigo, na yeye pia huapa kuwa jini ni wa bibi yake, basi nimpeleke na huyo. Nikavinunua vibao viwili kwa ajili ya ushahidi. Akanipunguzia bei kwa kuwa nimenunua viwili, na nikatoka nimekasirika maradufu.

Inafaa nimueleze jini mwenyewe. Ni jini anayeogopa kiza. Anaishi mtungini, na jua likizama tu anatoka na kandili yake, anakwenda nyumba kwa nyumba, anabisha hodi na kusema asiogopwe, kwani yeye ndiye anayeogopa. Halafu anauliza: "Mama yangu yumo?" Watu wa nyumba wanamjibu: "Hayumo, lakini ingia, taa inawaka." Anaingia, anakaa kidogo, anavunja kitu kwa hofu yake, anaomba radhi, anakwenda nyumba ya pili. Nyumba zilibadilika kila siku na vitu vilivyovunjwa pia, lakini jibu lilikuwa lile lile. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano, baba alikuwa keshaoa kwengine, na bibi ndiye aliyenilea katika nyumba ya vyumba viwili huko Mkunazini. Kila usiku akirudi kutoka kazini hospitali, ambako alinambia anafua mashuka, nilikuwa nimekaa kizingitini namsubiri. Kwanza alinipa jini, ndipo akanipa chakula.

Sasa bibi ana miaka inayokaribia tisini, na mimi nimekuwa mtu mzima wa kuandika kitabu. Nilikiandika kwa likizo mbili, kitabu cha watoto kuhusu jini huyo. Mwalimu mwenzangu akachora picha, na mtu wa matbaa, atakayekichapa, akasema kila kitu kiko tayari, ila niende nikamsajili jini kwanza, watu wa siku hizi hawana haya. Nikaliahirisha. Kisha ndipo nikakiona kile kibao.

Nitasema wazi nilichokuwa nakitaka. Bibi alikuwa ameanza kupotea. Asubuhi alikuwa mzima, akinitania na kuniita mke mwenzangu kama walivyo bibi wa huku, akidai nimempora marehemu mume wake. Lakini magharibi ikiingia, kumbukumbu zilimtoka. Mara kadhaa nilirudi nyumbani jioni akanipigia ukelele wa mwizi, akashika mwiko. Nilitaka, kabla kumbukumbu hazijamwisha zote, serikali iandike kwenye karatasi yenye muhuri kwamba jini huyu ni wa bibi huyu, na bibi huyu alimtunga kwa ajili yangu. Sikutaka pesa ya mtu. Nilitaka pawe na kitu kimoja ambacho ni chetu wawili na hakuna mtu anayekitia msumari.

Ofisi inayoshughulika na mambo hayo ilikuwa kwenye ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, yenye ngazi za kupanda kwa magoti. Afisa alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kavaa buibui safi na miwani, mpole, na mwenye kuiheshimu sheria kuliko watu wengi wanavyowaheshimu wakwe zao. Alinipa fomu. Mahali palipoulizwa kama kazi imewahi kutolewa hadharani, niliandika: "Hapana. Ilitolewa chumbani." Akaisoma, akapiga tiki.

"Kuna njia mbili, mwalimu," akanieleza. "Kama jini katungwa na mtu anayejulikana, basi ni wa mtu huyo maisha yake yote, na miaka hamsini baada ya kufa kwake. Miaka hiyo ikishapita, anakuwa wa kila mtu. Na kama anatoka kwenye ngano za kale, hajulikani nani kamtunga, basi hana mwenyewe. Ni wa wote toka hapo."

"Hata wa yule wa Mlandege?"

"Hata wake."

Nilipomueleza bibi mambo ya miaka hamsini, alikuwa anachambua mchele. Akauacha.

"Mwanamke anakaa eda miezi minne na siku kumi," akasema, "tena kwa mume aliyempikia. Jini wangu akae eda miaka hamsini, kwani kafanya nini?"

"Si eda, Bibi. Ni kumlinda asichukuliwe na watu."

"Jini halindwi na watu. Watu ndo wanaolindwa na jini." Akarudi kwenye mchele wake, nami nikaona hapo hapana msaada.

Afisa alituita sote watatu kwa kikao cha kwanza, mimi, mwenye duka na mchoraji, kila mmoja amueleze jini wake. Mchoraji alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, mkimya, jicho lake moja lina weupe. Tulikaa kwenye benchi moja kwa kuwa ofisi ilikuwa na benchi moja, mimi katikati, viwiko vyetu vinagusana. Kuhusu kiza tulikubaliana. Kuhusu mtungi, kandili na maneno ya hodi tulikubaliana neno kwa neno, na kila tulipokubaliana nilizidi kukasirika. Kisha mwenye duka akasema jini wake mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni, ndiyo maana kandili huishika kwa mkono wa kushoto. Mchoraji akasema hapana, jini kafungwa bandeji jichoni. Wa Mlandege humchora na kitambaa kwa sababu mwenye duka ndivyo anavyotaka. Wake mwenyewe yuko nyumbani, na hauzwi. Mimi nikasema jini hana ubovu wowote, ni mzima kabisa, wanamsingizia, na ugomvi ukatukwamisha hapo, hata hatukufika anachokitafuta.

Afisa alichora jedwali, akalitazama.

"Tofauti hizi ndizo zinazoonesha kuwa ni ngano," akasema. "Ngano ikipita kila mlango inabadilika kidogo."

"Basi ni majini matatu tofauti," nikasema.

"Wakiwa watatu tofauti, mwalimu, mnagombania nini?"

Mimi nikishindwa hoja huwa nanyanyua sauti, nikanyanyua. Nilipomaliza, afisa akanambia kwa upole ule ule kwamba limebaki jambo moja. Kama mtunzi yu hai, na aje mwenyewe aisimulie hadithi mbele ya wote, iandikwe, isainiwe. Bila ya hapo, angeandika kuwa jini ni mali ya wote, na faili lingefungwa. Akapanga siku ya Jumatano, saa nane mchana.

Saa nane mchana. Sote wanne tulikuwa watu wa Unguja, tumelelewa hapa na tumekatazwa mambo yale yale, na hakuna hata mmoja aliyeliona kosa. Hadithi haisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana anaota mkia, na anayesikiliza pia. Nilipokuwa na miaka minane niliwahi kumsimulia mwenzangu wa chuo cha Kurani habari za jini saa sita ya mchana, na wiki nzima nililala kifudifudi, kila asubuhi najipapasa mgongo. Ningepaswa kukumbuka.

Bibi alifika akiwa amevaa kanga mpya na uso wa harusini. Ngazi zilikuwa hazipandiki kwa miguu yake, kwa hiyo mahasimu wangu wawili walishikana mikono wakamfanyia kiti, wakambeba mpaka juu, huku akiwakemea njia nzima. Walipomtua alimshika mwenye duka kiwiko, akakipapasa.

"Mkono huu uliungwa vibaya," akamwambia.

"Zamani hiyo, bi mkubwa."

"Zamani kitu gani. Haujanyooka mpaka leo."

Afisa akamwamkia, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaandaa kalamu. Akasema tuko tayari kuisikiliza hadithi. Bibi akageuza uso kwenye dirisha, akahisi joto la jua shavuni.

"Hapana hadithi mchana," akasema.

"Bi mkubwa, ofisi inafungwa saa tisa na nusu."

"Na ifungwe."

"Ikishafungwa, sisi hatumo."

"Basi hamumo."

"Sheria," akasema afisa, na nilimwona anajiweka sawa kwenye benchi, mgongo kaubana ukutani, "sheria haikutaja mkia popote."

"Na mkia haukuitaja sheria."

Hakuna aliyetaka kusema kuwa anaogopa, na hakuna aliyemhimiza bibi aendelee. Nilimtazama mwenye duka, ameukalia mkono wake mmoja, kana kwamba anauzuia mkia usitoke. Mwisho ni yeye aliyetoa shauri: nyumba hizi kongwe zina madirisha ya mbao nene, tukiyafunga yote, humu ndani patakuwa usiku. Afisa akasema hakuna kifungu kinachokataza kufunga madirisha. Bibi akafikiri.

"Tutajuaje kama usiku umeingia?"

Mchoraji, aliyekuwa hajasema neno toka tufike, akasema: "Kwa uzi."

Wote tukafahamu. Uzi mweupe na uzi mweusi, kama inavyopambanuliwa alfajiri ya mwenye kufunga. Maadamu mtu anautambua mmoja na mwengine, mwangaza upo. Mchoraji akachomoa uzi mweupe kwenye kofia yake ya viua, na roho iliniuma kwa niaba ya mke aliyeishona. Afisa akakata mweusi kwenye upindo wa buibui lake. Wakampa bibi kabla hata dirisha moja halijafungwa, jua limejaa chumba kizima.

Bibi akazileta nyuzi karibu na pua. Akazisogeza mbali. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili.

"Sizitambui," akasema. "Usiku huu."

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nadhani alikuwa anajiuliza kama ashukuru au apinge. Lakini bibi mwenyewe hakuridhika, akasema yeye ni mtu wa macho mabovu na usiku wake si ushahidi, apewe mtu mwenye macho mawili. Mchoraji akasema yeye analo moja. Ikaniangukia mimi. Tukafunga madirisha, tukaziba nyufa kwa mafaili, tukatandaza kanga ya bibi ya juu kwenye kioo cha mlango, na kila tulipoziba mahali niliulizwa nauona upi. Mara ya nne sikuona hata mkono wangu. Afisa akalalamika kuwa haoni pa kuandika, akawasha simu.

"Nini hiyo?" akauliza bibi.

"Taa ya simu, bi mkubwa."

"Iinamishe iwe mwezi. Mwezi unaruhusiwa."

Afisa akaifunika kwa kiganja ukabaki mwezi mwembamba juu ya karatasi. Nje gari zinapiga honi, mtu ananadi ndizi, na sisi watu wazima watano tumekaa kizani saa nane na nusu ya mchana kwa mujibu wa sheria.

Bibi akavuta pumzi. Kabla ya hadithi ana mwito wake, si ule wanaoutumia watu wengine. Nilikuwa nimesahau kuutaja kikaoni kwa kuwa haumo ndani ya hadithi.

"Nani hajalala?" akaita.

"Miye na kiza!"

Sauti zilikuwa tatu. Zilitoka pamoja, kwa kasi moja, na mbili kati yake zilikuwa za wanaume.

Hakuna aliyefundishwa jibu lile ila mimi, chumbani kwetu, kitandani kwetu. Nikasikia mwenye duka kashika pumzi pembeni yangu. Upande wa pili mchoraji akasema polepole, "Lahaula."

Bibi hakushangaa hata kidogo. Sauti yake ilikuwa changa kuliko ya asubuhi.

"Wa kitanda cha dirishani," akasema, "mkono vipi?"

"Umepoa," akajibu mwenye duka, mtu wa miaka hamsini na kitu, kwa sauti ya mtoto.

"Bado unapanda paa kurusha kishada?"

"Nshaacha."

"Na wewe wa jicho, ndoana ilishatolewa. Umeacha kulifikicha?"

"Nimeacha," akasema mchoraji, na nilimsikia anapenga kamasi.

"Na wewe wa karibu na mlango, unaumwa wapi?"

"Mimi siumwi, bi mkubwa," akasema afisa. "Mimi ni afisa. Kitanda gani hicho mnachokitaja?"

Bibi akatueleza. Asubuhi alikuwa akifua mashuka, hilo lilikuwa kweli. Lakini alasiri alikuwa akifagia wodi ya watoto, na magharibi ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, ingawa hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Wakati huo mama wa watoto walikuwa wanarudi nyumbani kuwatazama wadogo walioachwa, umeme unakatika, na wodi nzima inaanza kulia. Yeye alikuwa na kandili. Alikaa katikati, akampa kila mtoto jini mwenye maradhi ya mtoto huyo. Aliyevunjika mkono, jini wake mkono umevunjika. Aliyeumia jicho, jini wake ana bandeji. Walipopona waliondoka naye, mmoja Tumbatu, mmoja Mlandege, wengine Chwaka na Kizimbani na kusikojulikana, na baada ya miaka kila mmoja akaona kapewa na bibi yake, kwani hadithi nyengine zote kapewa na huyo.

"Wallahi, bibi yangu alikuwa haongei hata Kiswahili kizuri," akasema mwenye duka kizani, anajisemea. "Nshasahau kabisa."

Ningepaswa kufurahi. Hoja yangu ilikuwa imethibitika. Mtunzi kapatikana, yu hai, kakaa kwenye kiti cha serikali. Badala yake nilijawa na wivu wa kitoto, na nikauachia.

"Kumbe mie nilikuwa nakula makombo!" nikasema. "Unawahadithia watoto wa watu wodi nzima, mie nakusubiri kizingitini, ukija unanipa kilichobaki!"

"Mke mwenzangu," akasema bibi, "hebu waulize jini wao anatafuta nini."

Nikawauliza, kwa ukali.

"Hatafuti kitu," akasema mwenye duka. "Anaogopa kiza tu, anatembea nyumba za watu mpaka kuche."

"Hamtafuti mama yake?"

"Amtafute wapi? Mama yake si yumo mtungini, anapika?"

"Anapika wali wa nazi," akasema mchoraji. "Asubuhi jini anarudi, anakula."

Mama yumo mtungini. Miaka arubaini nimeishi na jini yule na sikuwahi kuambiwa kwamba ndani ya mtungi mna mtu anapika.

"Hawa mama zao walikuwa wanarudi asubuhi," akasema bibi. "Wewe ningekudanganya vipi?"

Nililia. Kiza kilinisitiri, ila pua yangu haina siri. Mtu mmoja, nadhani afisa, alinipa karatasi, na baadaye niligundua ilikuwa nakala ya fomu.

Hapo ikaadhiniwa alasiri. Tuliisikia vizuri kutoka misikiti mitatu, moja baada ya nyengine, katika usiku wetu. Bibi akasema tusali kwanza. Wanaume wakateremka msikitini, sisi wanawake tukatandika kanga pale pale, bibi akasali alasiri kwa kukaa bila wasiwasi wowote, akatoa salamu, akauliza kama uzi mweusi bado hauonekani, na usiku ukaendelea.

Waliporudi, saa ya kufunga ofisi imeshapita na hakuna aliyeitaja, afisa akasoma alichokiandika. Mistari ilikuwa imepandana, akaweza kusoma mmoja katika miwili. Akatangaza kuwa kwa ushahidi aliousikia, jini si ngano ya kale. Ana mtunzi, naye ni bi mkubwa. Kuanzia sasa mtu akitaka kumchora, kumuuza au kumchapisha, aombe idhini.

"Na vibao vyake hivi?" akauliza bibi, akielekeza kidevu kwa mwenye duka.

"Avishushe, mpaka apate idhini yako."

"Na nikifa?"

"Aombe kwa warithi. Miaka hamsini."

Bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa shahada: "Nimemuweka wakfu."

Afisa akasema fomu haina mahali pa wakfu. Wakfu ni wa nyumba, mashamba, visima na misahafu.

"Kisima kinawekwa wakfu kwa sababu gani?"

"Watu wanywe."

"Basi na huyu. Asiuzwe akawa wa mtu mmoja, asirithiwe, asizuiwe. Atakayetaka kumuhadithia na amuhadithie, atakayetaka kumchora na amchore. Msimamizi wake huyu mjukuu wangu, maana ana ukali wa kutosha. Na mweka wakfu ana haki ya kutia sharti: asihadithiwe mchana."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Akauliza aandike nini penye maelezo ya mhusika, kwani wako watatu.

"Andika muoga wa kiza. Ubovu uache wazi, kila mtoto atautia wake. Na mama yake yumo mtungini." Akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata goti. "Huyu anayetafuta mama usimwandike. Huyo hakutoka nyumbani, na simtoi."

Bibi akatia dole gumba. Tulipofungua madirisha, jua lilitupiga usoni, na niliwaona watu wanne, afisa akiwamo, wanajipapasa migongo kwa siri. Mimi nilikuwa wa tano.

Kitabu kilitoka baada ya miezi mitatu, kimepungua nusu yake. Nilizitoa kurasa zote za kumtafuta mama, na mwalimu mwenzangu akachora upya mtungi wenye moshi wa wali unaotoka juu. Mwenye duka anakiuza pale Mlandege, karibu na vibao, na mchoraji sasa humchora jini kwa ubovu wowote anaoagizwa. Kama msimamizi nimeshamgombeza mwenye duka mara moja, alipomtundika mchana huku anahadithia watalii. Wewe unayesoma, huyo wa wakfu ni wako, mchukue umtie maradhi yako. Huyu wangu nimekuonesha tu.

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani magharibi imeshaingia, na umeme umekatika. Bibi alikuwa kakaa kitandani pembeni ya kandili. Aliposikia mlango aliushika mwiko.

"Nani wewe? Watu! Mwizi!"

Siku nyengine humtajia jina langu, na la mama yangu, na mtaa, na hayamsaidii. Safari hii nilisimama pale pale kizingitini.

"Msiniogope," nikasema. "Miye ndiye ninayeogopa."

Mwiko ukateremka kidogo.

"Mama yangu yumo?" nikauliza.

Bibi akanitazama kwa yale macho yasiyotambua uzi.

"Hayumo," akasema. "Lakini ingia, taa inawaka."

Nikaingia.